Mwambie Mama Yako

Mpima alipostaafu kazi yake ya kupima ardhi, hakutaka kukaa barazani kuangalia wapita njia. Nyuma ya nyumba yao, pale mji unapoishia, kulikuwa na robo eka ya magugu na vichuguu. Aliifyeka mwenyewe, akaizungushia waya, na mwaka haujageuka, pakawa shamba. Si shamba la kumtajirisha mtu. Lilikuwa la kujiburudisha tu: mbuzi watatu, bata, sungura, matuta ya vitunguu na nyanya, na ndege.

Ndege ndio hasa waliokuwa roho yake. Alikuwa na njiwa weupe wenye mikia kama vipepeo, chiriku wa manjano, kanga wa madoadoa waliokuwa wakipiga kelele kama bawaba zisizotiwa mafuta, na tausi wawili, dume na jike. Matundu aliyatengeneza kwa mikono yake kwa mianzi na waya mwembamba, kila fito imepimwa, kila kijilango kinateleza bila kukwama. Hata vitunguu alivipanda kwa kamba na vigingi. Tuta likienda upande kwa upana wa kidole, alilifumua lote akaanza upya. Jumapili watu walileta watoto wao kuja kushangaa, naye aliwatembeza akiwa amevaa kofia yake ya kazini, amefunga mikono mgongoni.

Mkewe watu walimwita Mama Viraka. Alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake, na uzee ulipomkaribia aliachana na sare za shule na magauni ya harusi za watu, akashika kazi aliyoipenda: kushona mablanketi ya viraka. Alikusanya masalio ya vitambaa kwa mafundi wenzake, mapazia yaliyofifia, mashati yaliyokwisha kola, akavikata na kuviunganisha mpaka vikatoa kitu ambacho mtu akikitandika kitandani anasita kukilalia. Alikuwa mwanamke wa maneno. Alitaniana na muuza mkaa, alitaniana na daktari, na huo utani wake ndio uliomponza.

Siku hiyo Mpima aliwaalika wenzake wa zamani wa ofisini. Walikula, wakanywa, wakazungushwa shamba zima, na waliporudi mezani mmoja wao akasema, "Lakini shemeji, huyu bwana ofisini alikuwa mkali kama pilipili. Huu upole wa kulea ndege ameutoa wapi?"

Mama Viraka alikuwa akipakua matunda. Alijibu bila hata kuinua macho. "Anawapenda kwa sababu hawawezi kumjibu."

Meza nzima ililipuka kwa kicheko. Mmoja alipaliwa mpaka akapigwa mgongoni. Mpima naye alicheka, akacheka hadi akawa wa mwisho kunyamaza, akawasindikiza wageni hadi barabarani, akarudi akaketi kwenye kiti chake karibu na tundu la Karani.

Karani alikuwa kasuku wa kijivu. Alipewa jina hilo kwa sababu ya kuinamisha kichwa upande mmoja, kama karani wa serikali anayesikiliza shida yako huku akiwaza chakula cha mchana. Kusema hakujua. Kipaji chake kilikuwa kimoja tu, kupiga mluzi wa birika linapochemka, na kwa mluzi huo alikuwa amemkimbiza Mama Viraka jikoni mara nyingi bila sababu.

Mkewe alimletea chai. Mpima alionja, akaweka kikombe chini, akamgeukia kasuku.

"Karani, mwambie mama yako chai imepoa."

Mama Viraka alicheka. "Karani, mwambie baba yako anywe chai yake aache vituko." Akachukua kikombe akaenda kuipasha. Aliporudi, Mpima alimtazama ndege tena. "Karani, mwambie mama yako asante."

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Na keshokutwa. Juma lilipokwisha, kicheko kilikuwa kimemkauka Mama Viraka mdomoni, akaelewa kwamba mumewe hatanii. Asubuhi moja alisimama mbele yake, aproni mkononi. "Mzee, kama ni yale maneno niliyoyasema mbele ya wenzako, nisamehe. Ulikuwa utani, na utani wangu unaujua."

Mpima alikuwa akimenyea Karani karanga. Hakuinua uso. "Karani, umesikia? Mwambie mama yako mayai ya leo yamezidi chumvi."

Wangegombana, angejua la kufanya. Angefokewa, angefoka. Lakini huyu hakununa, hakupiga, hakukosa kuleta mahitaji ya nyumbani. Alimtoa tu mkewe katika idadi ya watu wanaosemeshwa. Mbele ya wageni aliendelea na mchezo huo huo, nao waliona ni raha tupu. "Mzee huyu ana visa!" walisema, na Mama Viraka alicheka pamoja nao, maana angefanya nini? Binti yao, aliyekuwa ameolewa na akiuza dawa katika duka moja mjini, alipokuja na mwanawe, mtoto alifurahi kupita kiasi, akawa naye anamtuma Karani: mwambie bibi nataka maji, mwambie bibi naenda chooni. Babu yake alimpapasa kichwa.

Miaka ikaenda. Mama Viraka alihamishia cherehani yake chumba cha nyuma, mbali na kile kiti. Alizoea, kwa namna mtu anavyozoea kokoto kiatuni: kutembea anatembea, ila kila hatua anajua ipo. Kuna nyakati alijiwa na hamu ya ajabu ya kutukanwa, alimradi atukanwe yeye.

Kisha asubuhi moja njiwa walikuwa wakiruka ovyo, wakitoka na kuingia. Alikwenda kutazama akamkuta mumewe chali ndani ya banda, bakuli la mtama limemwagika kifuani, ndege wakimdonoa nafaka kwenye shati kana kwamba amewekwa hapo kwa ajili yao. Nusu ya uso wake ilikuwa imelegea. Jicho lililobaki zima lilimtazama mkewe, moja kwa moja.

Mama Viraka hakufanya ajizi. Alipiga kelele majirani wakaja, akamkimbiza hospitali kwenye gari la kubebea mchanga, amempakata kichwa mapajani njia nzima. "Niko hapa, Mzee. Usiogope. Niko hapa."

Kilikuwa kiharusi. Kilimchukua upande wa kulia wote pamoja na ulimi. Alirudishwa nyumbani kwenye kiti cha magurudumu, na mkewe akamlea. Alimwogesha, akamnyoa, akamgeuza kitandani asije akachubuka, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Na wakati wote alikuwa akimsemesha. Alimweleza bata aliyeangua, nyanya zilizoingia ukungu, jirani aliyegombana na fundi bomba. Maneno yaliyokuwa yamemjaa kifuani kwa miaka yalimwagika tu. Mpima alimsikiliza kwa jicho lake moja zima, hakuwa na pa kugeuzia uso. Mama Viraka aliona haya kulikiri hata moyoni, lakini zile zilikuwa siku zake nzuri. Alimshonea blanketi dogo la kufunika magoti, akalitia vipande vya gauni alilovaa siku alipopelekwa kwa wakwe kutambulishwa.

Mara moja kwa juma alikuja muuguzi wa mazoezi, mwanamke mnene mcheshi, kumnyoosha viungo na kumfundisha kutamka upya. "Atasema," alimwahidi Mama Viraka. "Ulimi wake unarudi. Siku yoyote utasikia."

Na siku ikafika. Walikuwa watatu barazani, muuguzi amemshika kidevu. Mpima alikaza shingo, mshipa ukamtoka, mate yakamchirizika, ndipo sauti ikatoka kama kitu kizito kinachoburutwa.

"Ka... ra... ni."

Muuguzi alipiga makofi. "Umeona? Anamtaka ndege wake!"

Mama Viraka naye alifurahi, jamani. Alikwenda mbio, akalibeba tundu, akaliweka karibu na goti la mumewe, akachuchumaa hapo chini akisubiri kwa tabasamu. Mpima alimtazama kasuku. Akavuta pumzi. Alijikaza tena mpaka kiti kikatetemeka.

"Mwa... mbie."

Hakuweza zaidi. Alijaribu, midomo ikacheza, hakuna kilichotoka. Muuguzi alikuwa akicheka na kufuta machozi ya furaha, hakujua alichokisikia. Mama Viraka alibaki amechuchumaa. Mavi ya mtu huyu ameyaosha kwa mikono yake, amemlisha kama kifaranga, na katika maneno yote ya dunia aliyoweza kuanza nayo, ameanza na hayo.

Alisimama akajifuta mikono kwenye gauni. Alimsindikiza muuguzi, akamshukuru, akafunga geti. Aliporudi na bakuli la uji, hakumwangalia mumewe. Aliangalia tundu.

"Karani," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "mwambie baba yako uji uko tayari."

Tangu hapo hakumkosesha Mpima kitu. Mashuka yalikuwa safi, dawa kwa wakati, kucha zimekatwa. Lakini neno hakumpa. Alimgeuza kitandani akimwambia Karani, "Mwambie baba yako anyanyue mkono." Alimwosha akimwambia Karani, "Mwambie baba yako ameanza kunuka." Jicho zima la Mpima lilimfuata chumbani kila alikokwenda, naye alijifunza kupita bila kukutana nalo.

Baadaye akaanza kuwagawa ndege.

Alianza na tausi. Alikuja mwenye nyumba ya wageni ya njia kuu, Mama Viraka akampa wote wawili bure. "Mzee hawezi tena kuwahudumia, na mimi mikono yangu ni miwili tu," alimweleza. Aliwafungia kwenye magunia pale pale barazani, mbele ya kiti cha magurudumu, taratibu, kichwa cha dume kikichungulia nje. Chiriku walikwenda kwa kinyozi, pamoja na lile tundu kubwa la mianzi ambalo Mpima alilitengeneza msimu mzima wa mvua. Njiwa alimpa mwalimu mmoja, wakarudi wenyewe siku ya pili, akamwita mwalimu aje awachukue tena na awakate mbawa kabla hawajatoka getini. Mpima alilia. Chozi lilitoka jicho moja tu.

"Maskini," alisema mwalimu, ameshika mkasi.

"Ni ugonjwa huo," alisema Mama Viraka. "Daktari anasema machozi hutoka tu."

Wifi yake, dada mkubwa wa Mpima, mpishi wa shule aliyestaafu, alikuja kila Jumamosi na hakuondoka bila kumsifu. "Wifi, wewe ni malaika. Mwingine angeshamtupa. Mungu anakuona."

"Natimiza wajibu wangu tu, wifi."

Kanga hakuwagawa. Mmoja wao, jike mwenye kishungi kilichopinda, alikuwa na tabia ya kumfuata Mpima matutani na kulala juu ya kiatu chake. Mama Viraka alimchinja Alhamisi mchana, akamchemsha mpaka nyama ikaachana na mfupa, akaketi na bakuli mbele ya mumewe.

Alipomaliza kumtilia kijiko cha kwanza, aligeuka. "Karani, mwambie baba yako supu hii ni ya yule mwenye kishungi."

Mpima alifumba mdomo. Supu ilimtiririka kidevuni. Mkewe alimpangusa kwa upole, akachota kijiko kingine, akakiweka mbele ya midomo yake, akangoja. Alikuwa na wakati mwingi. Hatimaye dawa ya mchana ilibidi inywewe na chakula, na njaa haina adabu. Akameza. Akameza bakuli zima, akitoa sauti ndogo kooni kila mara.

Mama Viraka alipoliosha lile bakuli, lilimponyoka mara mbili. Alijiuliza kama ni majuto. Alichunguza moyoni kama mtu anayepekua mfuko wa koti la zamani. Aliona ni uchovu tu, akaendelea kuosha.

Binti yao ndiye aliyegundua. Alikuja kukaa siku chache, peke yake, na siku ya kwanza alicheka kama zamani kumsikia mama yake akimtuma kasuku. Siku ya pili hakucheka. Jioni alimfuata mama yake chumba cha cherehani, akafunga mlango.

"Mama, mbona husemi na baba?"

"Nasema naye kutwa nzima. Huna masikio?"

"Unasema na Karani."

"Ndivyo baba yako anavyopenda. Muulize." Akalamba ncha ya uzi, akautia sindanoni. Kisha, kwa kuwa binti hakuondoka, akamweleza: ile karamu, ule utani, chai, mayai, miaka yote ile waliyodhani ni mchezo. Akamweleza na kuhusu neno la kwanza. Binti aliketi juu ya marundo ya vitambaa, mkono mdomoni.

"Sikujua, mama. Naapa sikujua."

"Mwanao ndiye aliyekuwa akifurahi zaidi."

"Lakini mama, hakumaliza. Alisema 'mwambie', basi. Pengine alitaka kukuambia asante. Pengine alitaka kukuomba radhi, na hiyo ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo."

"Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake. Angetaka kuniambia mimi, angeniambia mimi."

"Alikuwa na maneno mawili tu!"

"Na hayo ndiyo aliyoyachagua."

Kesho yake binti alilibeba tundu la Karani hadi kwenye teksi. Alikuwa amevimba macho. "Huyu naondoka naye," alisema. "Sasa usemeshane na mumeo mwenyewe, mama. Yuko hai."

Alidhani amefungua mlango. Kumbe alikuwa amechukua kamba ya mwisho. Bila Karani, Mama Viraka hakuwa na wa kumtuma, na yeye mwenyewe alikata kauli kwamba hatatangulia. Nyumba ikawa kimya kiasi kwamba kijiko kikigusa bakuli kilisikika hadi barabarani. Alimlisha, akamvisha, akamlaza, midomo imefungwa. Nje, magugu yalirudi kwenye matuta yaliyopimwa kwa kamba, na mbuzi mmoja akaingia ndani ya banda tupu la njiwa akalifanya kwake.

Mpima aliachwa barazani peke yake na ulimi wake. Mama Viraka, akiwa chumba cha nyuma, alikuwa akimsikia akijifunza: miguno, pumzi, silabi zisizo na kichwa wala miguu. Aliendelea hivyo siku nyingi. Hakuna aliyemhimiza, na muuguzi alikuwa ameacha kuja.

Asubuhi moja Mama Viraka alikuwa akiunganisha safu ya mwisho ya blanketi la bi harusi fulani, mguu kwenye pedali, sindano inakwenda kasi. Ikamfikia sauti kutoka barazani. Ilikuwa nzito, imepinda, lakini neno lilikuwa zima.

"Njoo."

Mguu wake ulisimama. Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba. Hakukuwa na kasuku. Neno lilikuwa lake, la kwanza kwa miaka yote hiyo, limetoka kinywani mwa mumewe na kumjia yeye bila kupitia kwa mtu.

"Njoo."

Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana. Aliinuka nusu, kitambaa kikavutika. Akaona mshono ulikuwa haujafika mwisho, ukiachwa hapo utafumuka. Ngoja nimalize safu hii, alijiambia. Akaketi, akakanyaga pedali. Sauti ya cherehani ilifunika kila kitu, na alipofika mwisho wa safu aligundua kwamba anataka kuendelea kusikia cherehani. Akachukua upande wa pili. Kila aliposimama kukata uzi, neno lilikuwepo, "njoo, njoo," likizidi kuchoka, mpaka likawa pumzi tu. Kisha hata pumzi haikusikika.

Alitoka wakati wa chakula cha mchana, na bakuli. Mpima hakuwa amekufa. Alikuwa ameketi kama alivyomwacha, shati limelowa mate kifuani, uso ameuelekeza ukutani. Mkewe alikikokota kiti akamgeuza amwelekee. Jicho lile zima, lililokuwa likimfuata kila mahali, halikumtafuta. Lilipita juu yake kama linavyopita juu ya kabati. Alifungua kinywa alipoguswa na kijiko, akameza. Hakusema neno lingine tena, si kwake wala kwa mtu yeyote.

Aliishi hivyo misimu miwili ya mvua, akafa kifua kilipombana. Nyumba ilijaa watu. Wifi alisimama mbele ya waombolezaji akaeleza jinsi mke huyu alivyomtunza ndugu yake bila kidonda hata kimoja cha mgongoni, na daktari wa zahanati akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa ilikuwa kweli. Wanawake walimshika Mama Viraka mikono wakasema laiti wote wangepata mke kama huyu. Aliwashukuru mmoja mmoja.

Watu walipotawanyika alibaki yeye na binti yake jikoni, vikombe vimejaa karai. Binti hakuwa amelia mbele yake hata mara moja tangu afike. Alikuwa akisugua kikombe kilichokwisha takata.

"Alisema lolote? Baada ya mimi kuondoka na Karani?"

Mama Viraka angeweza kusema hapana. Alikuwa amejitayarisha kusema hapana.

"Alisema 'njoo.'"

Binti aligeuka, macho yanang'aa. "Alikuita? Wewe mwenyewe?"

"Mara nyingi."

"Ukaenda?"

Mama Viraka alichukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe, akivipanga vishikio vyote vimeelekea upande mmoja.

"Nilikuwa nashona," alisema.

Binti aliweka kikombe chini, akajifuta mikono, akaenda chumbani kuchukua mkoba wake. Mawingu yalikuwa yamekusanyika na alitaka kuliwahi basi kabla ya mvua.